Pointi Zitoke au Zibaki? Mjadala juu ya Land Rover moja ya Bulembia

MWENYE GARI: Niweke hoja mezani mapema. Gari ni Land Rover Series III ya petroli, silinda nne, cc 2286, aliloniachia marehemu baba. Nikishuka nalo Kasese mjini halina neno. Nikipanda kurudi Bulembia na mzigo, likikaribia Kyanjuki linaanza kumisi, na asubuhi za ukungu haliwaki mpaka betri ilegee. Nimechoka kusugua pointi. Nataka kung'oa pointi na kondensa, niweke ignisheni ya elektroniki, koili kali na plagi za iridiamu, nimalizane na jambo hili. Mzee anapinga. Namwomba atupe sababu, ila isiwe ile ya "ndivyo tulivyozoea."

FUNDI MKONGWE: Mwalimu, sijapinga. Nilikuuliza swali moja ukakasirika: umezitoa plagi ukazitazama? Daktari huanza kwa kukwambia toa ulimi. Zako nilizitoa mimi. Zote nne nyeusi, masizi makavu yanayofutika kwa kidole. Kama injini ingekuwa inakula oili, zingekuwa nyeusi za kulowa, zinang'aa. Kama cheche ingekuwa mbovu kwenye silinda moja, hiyo moja tu ndiyo ingelowa petroli. Zikiwa na masizi makavu zote nne sawasawa, ujue petroli imezidi hewa. Unakwenda kununua umeme utibu ugonjwa wa kabureta.

FUNDI WA UMEME: Hapo namkubalia Mzee nusu. Hewa yetu yenyewe ni nyepesi. Kasese mjini tuko kama mita 950 juu ya usawa wa bahari, na Kyanjuki unapita 1,400. Kila ukipanda mita mia, hewa inapungua kama asilimia moja. Kabureta haina habari hiyo, inamwaga petroli kana kwamba iko Mombasa. Kwa hiyo masizi kidogo tutayapata tu. Na injini yenye masizi ndiyo hasa inayotaka cheche kali. Masizi ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Umeme wa koili badala ya kuruka mwanya unatambaa juu ya kauri nyeupe ya plagi na kupotelea kwenye bodi. Pointi zilizochoka zinakata umeme kwa kusitasita, basi unavuja kabla haujafika kimo cha kuruka. Moduli ya elektroniki inakata mara moja, volti zinapanda haraka, cheche inaruka kabla ya kuvuja. Hiyo si fasheni, Mzee wangu.

FUNDI MKONGWE: Umesema vizuri, na bado hujaigusa kabureta. Zenith ya gari hili ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima: kipande cha juu kinapinda, na kile kipete cha mpira kati ya vipande viwili kinakauka, petroli inapenya pasipotakiwa. Kipete hicho ni pesa ya chai. Mkikiacha mkaweka moduli, gari litawaka vizuri majuma matatu, mtashangilia, na huku petroli inaendelea kuosha oili kwenye kuta za silinda. Cheche kali itauficha ugonjwa mpaka siku ya kupasua injini.

MWENYE GARI: Basi kipete kibadilishwe, hilo halina ubishi. Nauliza juu ya pointi. Kwa nini nibaki nazo?

FUNDI MKONGWE: Kwa sababu unaziona. Fungua kepu ya distributa, chomoa rota, mbele yako kuna vichuma viwili vinagusana na kuachana. Kila vikiachana, cheche moja. Zungusha injini kwa mkono mpaka kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya kona ya kemu, penyeza fila geji ya 0.4 mm, legeza skurubu moja, sogeza, kaza, halafu pima tena, maana ukikaza husogea. Paka grisi kiasi cha punje ya mchele penye kisigino. Kazi imekwisha. Ukikosa fila geji, karatasi ngumu ya pakiti ya sigara itakufikisha nyumbani. Sasa nionyeshe ndani ya moduli yako kuna nini. Imemiminiwa plastiki. Ikifa, imekufa. Pointi zinakulalamikia wiki nzima kabla ya kukuangusha.

FUNDI WA UMEME: Zinalalamika kila siku, na hapo ndipo penye shida. Kisigino kinalika, mwanya unapungua, taimingi inachelewa bila mwenye gari kujua. Mwalimu anapoteza nguvu kidogo kidogo na kuusingizia mlima. Halafu kuna jambo Mzee analijua na halisemi. Shafti ya distributa hii ina mchezo. Nimeishika kwa vidole, inacheza. Pointi zikikaa juu ya shafti ya namna hiyo, mwanya wa silinda ya kwanza si mwanya wa silinda ya tatu. Unapima 0.4 kona hii, kona ya pili ni 0.3. Moduli inasoma sumaku tu, mchezo huo hauisumbui sana.

FUNDI MKONGWE: Hauisumbui sana, lakini unaisumbua. Badilisha bushi.

FUNDI WA UMEME: Nani anachonga bushi ya distributa hapa Kasese?

FUNDI MKONGWE: Karakana ya mgodi ingeichonga kabla ya chai ya saa nne.

FUNDI WA UMEME: Ingeichonga zamani. Mgodi wa Kilembe uliacha kuchimba shaba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Reli iliyoletwa Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo haina treni. Unamfundisha Mwalimu kulitunza gari kwa karakana ambayo haipo.

FUNDI MKONGWE: Na wewe unamfundisha kulitunza kwa kiwanda cha Uingereza au Marekani ambacho hakijui Bulembia iko wapi. Mimi nilishika spana miaka ile ambayo Amin alikuwa amewafukuza Waasia, 1972. Wenye maduka ya spea waliondoka, rafu zikakauka. Tulisugua pointi kwa msasa mpaka chuma kikaisha. Magari yalitembea. Kitu kisichosugulika kisingetembea.

MUUZA SPEA: Niruhusuni, maana mnasema kana kwamba spea zinaporomoka zenyewe kutoka Rwenzori. Duka langu liko Bwera. Mteja wangu ni bodaboda, na wanaovuka mpaka kutoka Kasindi. Mtu wa Land Rover ya zamani namwona mara chache. Pointi zake nikipata, ni kwa kuagiza Kampala. Kinachonitia aibu ni kondensa: inatoka mpya kwenye boksi, siku ya pili mteja anairudisha mkononi. Mzee huyu huyu hunituma nimtafutie kondensa kuukuu iliyong'olewa kwenye gari bovu. Sasa niambieni, ikiwa kilichotumika ni bora kuliko kipya, hicho ndicho kitu rahisi cha kutengeneza?

FUNDI MKONGWE: Mama amenigusa penye kidonda. Kweli, kondensa za siku hizi hazina imani. Rota ndiyo zaidi. Zile zenye ripiti ndefu katikati, umeme unatoboa kupitia ripiti na kuzama kwenye shafti. Gari linazima likipata moto, likipoa linawaka, na fundi anayeulizwa anabadilisha pampu ya petroli. Lakini sikilizeni: rota hiyo hiyo itakaa juu ya moduli ya kijana. Kepu ile ile, waya za plagi zile zile, swichi ile ile. Anachoondoa ni vitu viwili, pointi na kondensa. Asimuuzie mtu maneno kwamba amepata mfumo mpya.

FUNDI WA UMEME: Vitu viwili vinavyosumbua kuliko vyote. Na pamoja na moduli kuna koili ya volti 40,000. Nikiwa nayo natanua mwanya wa plagi kutoka 0.65 hadi 0.9, cheche inakuwa ndefu, inawasha hata mchanganyiko mbaya.

MWANDISHI: Niwakatize hapo, kwa sababu namba hiyo huchapwa kwenye boksi kwa herufi kubwa kuliko zote na ndiyo inayouza. Koili haipeleki volti 40,000 kila mara. Volti zinapanda mpaka mwanya uruke, zikiruka zimekomea hapo. Injini ya Series III haigandamizi sana, ni 8 kwa 1, na nyingine 7 kwa 1. Hewa ya milimani nayo inalegeza mgandamizo zaidi, kwa hiyo cheche yake inaruka kwa volti chache kuliko ya injini hiyo hiyo ikiwa Mombasa. Zinazobaki ni akiba. Akiba ina siku yake, plagi ikichakaa au ikishika masizi, lakini haiongezi farasi hata mmoja kwenye injini. Endeleeni.

FUNDI MKONGWE: Na akiba hiyo haikai kimya, inatafuta njia. Ukitanua mwanya wa plagi, umeupandishia umeme ukuta, nao utatafuta ukuta mfupi zaidi. Mwalimu, kumbuka ule usiku tulipofungua boneti, taa zote zimezimwa, injini inanguruma, nikanyunyiza maji kidogo. Uliona nini?

MWENYE GARI: Niliona cheche za buluu zikitambaa juu ya waya wa plagi ya tatu mpaka kwenye bloku. Na kwenye kepu, kati ya vichwa viwili, mstari mwembamba unawaka na kuzima.

FUNDI MKONGWE: Huo mstari ni ufa. Ukungu wa mto Nyamwamba ukiingia usiku, unyevu unakaa kwenye ufa, asubuhi umeme unapita humo badala ya kwenda kwenye plagi. Mchana kepu ikikauka gari halina neno. Na kule kupanda nako ni hivyo hivyo: ukikanyaga mafuta mlimani silinda zinajaa, mgandamizo unapanda, umeme unaotakiwa kuruka mwanya unapanda. Waya mbovu uliokuwa unavumilia bondeni, hapo unashindwa. Ndugu yangu, ugonjwa wako una jina, tena hautibiwi kwa moduli.

FUNDI WA UMEME: Waya na kepu nilikwisha kusema zibadilishwe. Sijasema moduli inaponya kepu iliyopasuka. Ninachosema, ukishabadilisha vyote hivyo bado utabaki na kisigino kinacholika na shafti inayocheza.

MWENYE GARI: Tuje kwenye plagi. Nilisoma kwamba iridiamu inadumu mara nyingi zaidi ya zile za kawaida. Kwa nini nisiweke nikasahau?

FUNDI WA UMEME: Kwa nia hiyo, weka. Plagi ya kawaida ina kijiti cha katikati kinene, mm 2.5. Iridiamu ni chuma kigumu mno, wanaweza kukichonga chembamba, mm 0.6, wengine 0.4. Umeme unapenda kutoka penye ncha nyembamba, kwa hiyo hauhitaji volti nyingi. Kwa koili iliyozeeka na betri inayolegea asubuhi, hiyo ni nafuu ya kweli.

FUNDI MKONGWE: Masizi hayaulizi bei. Yatakaa juu ya iridiamu kama yanavyokaa juu ya nyingine. Ya kawaida ikishika masizi naitoa, naisugua kwa brashi ya waya, naipima mwanya, inarudi kazini. Isugue iridiamu kwa brashi hiyo uone. Na ukipenyeza fila geji kwa nguvu, ncha ya mm 0.4 inavunjika bila hata kutoa sauti. Kwa injini yenye kabureta isiyotulia, kitu cha kudumu hakidumu.

MUUZA SPEA: Kabla ya kubishania iridiamu, mnajua kama mliyoishika ni iridiamu? Huku mpakani boksi zuri si hoja. Mimi nimejifunza kuangalia hivi. Naizungusha ile washa ya chini: ya kweli haitoki hata ukiivuta kwa kucha, imebanwa juu ya nyuzi. Kwa feki nyingi inavulika. Natazama nyuzi zenyewe, za kweli ni laini zinateleza, feki zina makovu ya kukatwa. Natazama maandishi kwenye kauri, nikiyasugua kwa kidole chenye petroli yasitoke. Halafu natazama kile kijino cha juu kimekaa katikati sawasawa au kimepindia upande mmoja. NGK ndiyo inayoigwa zaidi kwa sababu ndiyo kila mtu anayoiita kwa jina. Iridiamu moja ya kweli, kwa bei yangu, inamnunulia mtu seti ya nne za kawaida. Kwa bei hiyo mwenye kuiga ana sababu nzuri ya kuamka mapema.

MWENYE GARI: Na hizi zilizo kwenye gari sasa, Mama, ni za kweli?

MUUZA SPEA: Ni za kweli, na si sahihi. Zimeandikwa BP7ES. Si mimi niliyekuuzia.

MWENYE GARI: Aliyeniuzia alisema saba ni kali kuliko sita, inafaa mlima.

FUNDI MKONGWE: Ah! Hapo sasa tumefika. Kijana, mweleze wewe, maana nikieleza mimi ataona namtetea pointi.

FUNDI WA UMEME: Mzee yuko sahihi, na hili lingetupunguzia maneno yote ya mwanzo. Katika NGK, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, yaani inapoteza joto haraka. Denso pia ni hivyo. Bosch na Champion ni kinyume chake, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Kwa hiyo mtu aliyezoea Bosch akiuza NGK, anakupa baridi akidhani amekupa moto. Ncha ya plagi inatakiwa ipite kama nyuzi 450 ndipo ichome masizi yake yenyewe. Ikikaribia 900 inawasha petroli kabla ya cheche, na pistoni inatoboka. Saba kwenye injini hii ya mgandamizo mdogo, safari fupi za Bulembia na mjini, choki imevutwa nusu ya njia, haifiki hata 450. Inajilimbikizia masizi tu.

FUNDI MKONGWE: BP6ES. B ni nyuzi za mm 14, P ni pua iliyochomoza, sita ni joto lake, E ni urefu wa nyuzi, mm 19, S ni ya kawaida ya kiini cha shaba. Ningekuwa mimi ningejaribu hata tano kwa safari za hapa karibu.

FUNDI WA UMEME: Tano siitaki. Siku Mwalimu atabeba kahawa magunia kadhaa mpaka Bwera, jua la Kikorongo linawaka, mguu umekaa kwenye mafuta saa nzima, sita ndiyo salama.

FUNDI MKONGWE: Sita basi. Na urefu wa nyuzi usiuzembee, Mama. Kuna mtu alikuja na BP6HS. Ile H ni mm 12.7. Inaingia vizuri, inakaza vizuri, na cheche inapigia ndani ya tundu.

MWENYE GARI: Nimesikia mkikubaliana, nimefurahi. Lakini swali langu la kweli liko barabarani. Siku za soko la Mpondwe naondoka alfajiri, narudi jioni. Barabara inakata ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Tembo wanavuka pale bila kuuliza. Nikizimikiwa kule saa kumi na mbili jioni, ni kipi kitakachonirudisha?

FUNDI WA UMEME: Moduli iliyofungwa vizuri haizimiki ovyo. Mambo matatu ndiyo yanaiua: kugeuza chanya na hasi, ethi mbovu, na kuacha swichi imewashwa injini imezima. Yote matatu yako mikononi mwa mtu.

FUNDI MKONGWE: Na yote matatu yako Bulembia kila siku. Watoto wanakaa garini kusikiliza redio, swichi imefunguliwa, saa nzima. Koili inachemka na moduli inakwenda nayo.

FUNDI WA UMEME: Waya wa redio nauhamisha, dakika kumi.

FUNDI MKONGWE: Haya. Betri ikilala je? Gari hili lina hendeli ya kuwashia kwa mbele, waliotengeneza hawakuwa wajinga. Betri iliyoshindwa kuzungusha stata bado ina umeme wa kutosha kupita kwenye pointi. Nazungusha kwa mkono, linawaka. Moduli volti zikishuka sana inakataa kufanya kazi, na hendeli yako inabaki kuwa fimbo ya kufukuzia tembo.

FUNDI WA UMEME: Zipo zinazokataa, hilo nakubali. Ndiyo maana namwambia Mwalimu asitupe sahani ya pointi. Aiweke kwenye kiboksi cha dashibodi pamoja na kondensa na bisibisi. Moduli ikifa, anairudisha, anaondoka. Dakika ishirini.

FUNDI MKONGWE: Ishirini zako, wewe uliyeshika kazi. Mwalimu gizani, mikono inatetemeka, skurubu ya pointi ndogo kuliko punje ya mahindi ikianguka ndani ya distributa? Kama mkombozi wake ni pointi, kwa nini zisafiri ndani ya kiboksi? Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za Safari 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, kwa pointi. Kwenye matope yale.

FUNDI WA UMEME: Nilijua utafika Safari. Ilishinda ikiwa na magari ya huduma njiani, mafundi wamejaa, spea mpya kila kituo. Mpe Mwalimu gari la huduma linalomfuata mpaka Mpondwe, nami nitanyamaza. Shekhar Mehta mwenyewe, mzaliwa wa hapa Uganda, aliyeshinda mara tano, hakuwa anasugua pointi kwa msasa kando ya barabara.

MWENYE GARI: Mnasahau kitu kimoja. Tangu 2018 sheria imezuia kuingiza nchini magari yaliyozidi miaka 15. Hili likiharibika siwezi kwenda kuagiza jingine. Sitaki kulifanya kitu kingine.

FUNDI WA UMEME: Moduli inakaa chini ya kepu, haionekani, haitobolewi tundu hata moja. Inatoka kama ilivyoingia.

FUNDI MKONGWE: Kwa hilo simbishii. Mradi distributa yenyewe isiende kwa wauza chuma chakavu.

FUNDI WA UMEME: Basi niseme lililobaki moyoni, Mzee, na unisamehe. Pointi zinakupa mteja kila baada ya miezi michache. Mwalimu amekuwa akija kwako kwa sababu zinalika. Ukizitetea, watu watauliza unatetea gari au unatetea meza yako.

FUNDI MKONGWE: Nimekusamehe, na nitakujibu. Nimemfundisha Mwalimu kuzipima mwenyewe, akiwa hapa shahidi. Mteja niliyemfundisha kazi haji kwangu. Wewe siku moduli ikifa utamfundisha nini? Utamwuzia nyingine. Tena niambie, dhamana unatoa ya muda gani?

FUNDI WA UMEME: Kazi ya mkono wangu, miezi sita. Moduli yenyewe, sitoi. Anayeniuzia hanipi.

FUNDI MKONGWE: Unaona.

FUNDI WA UMEME: Na wewe kondensa unaitolea dhamana?

FUNDI MKONGWE: Kondensa hapana.

MWENYE GARI: Kwa hiyo nyote wawili mmeniachia hasara mimi. Sawa. Nitafanya hivi: kwanza kipete cha kabureta, plagi za sita, kepu, rota na waya mpya. Niendeshe mwezi mmoja. Pointi au moduli tutaamua baadaye, gari likiwa limepona mengine. Hapo hakuna aliyeshindwa.

FUNDI WA UMEME: Mwalimu, hapo umekwisha kuamua bila kujua. Waya gani? Waya za shaba tupu zinapiga kelele ya umeme, moduli inachanganyikiwa, wenye kuitengeneza wanakataza. Ukinunua za shaba leo, umenifungia mlango. Ukinunua za kaboni, pointi zinafanya kazi nazo bila tatizo, na moduli pia.

FUNDI MKONGWE: Za kaboni zinakatika ndani ukizivuta vibaya, na kwa nje huoni kitu. Ya shaba ikikatika naiona, naiunga. Kama kelele ndiyo hofu, atie plagi zenye R, BPR6ES, rizista imo ndani.

FUNDI WA UMEME: Kwa moduli nyingine hiyo haitoshi.

FUNDI MKONGWE: Kwa pointi inatosha na kubaki.

MWENYE GARI: Mama, niwekee kepu, rota na plagi nne. Waya nitazichukua Jumamosi.

MUUZA SPEA: Jumamosi naagiza mzigo asubuhi, Mwalimu. Niandike za kaboni au za shaba?